Gharama Humfuata Aliyeshindwa

SEHEMU YA SITA

Uliyekosa gazeti la wiki iliyopita usihangaike, nitakupa kwa ufupi.

Mimi ni Wegesa, wa Nyangoto, wilaya ya Tarime. Nilikuwa nauza uji na maandazi kwa vijana wa dhahabu, mpaka asubuhi moja mkanda wa karasha, ile mashine ya kusagia mawe, uliponidaka kitenge na kunivuta. Mkono wangu wa kulia ukaishia kwenye kiwiko. Mwenye karasha, Heche, alisema nilijitakia. Nikamshtaki. Tuliachana pale hakimu wa Tarime alipoanza kusoma hukumu.

Aliisoma kwa Kiingereza, mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilimtazama mdomo tu.

Wakili wangu, Rubeni, akaniinamia. "Umeshinda, Mama Mwikwabe."

"Nimeshinda nini?"

"Fidia milioni ishirini na nne. Riba asilimia saba kwa mwaka, kuanzia leo mpaka atakapomaliza kulipa. Na gharama za kesi juu yake."

"Gharama zipi?"

"Zote. Ada za mahakama, nauli za mashahidi, na malipo yangu mimi. Gharama humfuata aliyeshindwa, ndiyo sheria. Ng'ombe mliouza wameanza safari ya kurudi."

Nililia palepale, mbele ya karani. Sikulia kwa ajili ya mkono. Nililia kwa ajili ya ng'ombe, maana hawakuwa wangu. Walikuwa wa Mokami.

Mokami ndiye aliyenioa. Msiotoka kwetu msishangae. Kwa Wakurya, mjane asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa mahari akaoa binti, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na ardhi yake wairithi wao. Tunaiita nyumba ntobhu. Ng'ombe wake walikwenda kwa baba yangu, kijiji cha Morotonga, kule Serengeti, nami nikaletwa Nyangoto. Namwita mama.

Wapo wanaosema ndoa hizi ni mateso matupu. Yangu sitaisemea uongo. Tumegombana kwa chumvi, kwa maji, na kwa wanaume. Lakini niliporudi kutoka hospitali na kisiki cha mkono, yeye ndiye aliyekuwa akinifunga sidiria kila asubuhi. Hakuwahi kunung'unika, hakuwahi kuniambia pole. Anafunga, anaondoka kwenda kukamua.

Jioni ya hukumu aliniuliza, "Riba ndiyo nini?"

"Ni kama ng'ombe wako yuko kwenye boma la mtu. Akichelewa kumrudisha, lazima amrudishe na ndama."

Akafikiri. "Basi na achelewe kidogo."

Akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu ajali.

Heche akachelewa kweli. Hakulipa hata shilingi. Alikata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza.

"Mwache," Rubeni aliniambia kwa simu. "Kila mwezi anaovuta anajiongezea mzigo mwenyewe. Wewe tulia."

Nikatulia.

Halafu Heche akaja nyumbani.

Alikuja peke yake, asubuhi, amevaa suti kama mtu anayekwenda kanisani. Alinyoosha mkono wa kulia kunisalimia, akakumbuka, akaurudisha mfukoni.

"Shikamoo mama," akamwambia Mokami.

"Marahaba. Kaa."

"Mama, sisi ni majirani. Hii kesi inatumaliza wote, wanaonenepa ni mawakili. Nina milioni kumi na tano, taslimu. Nitazileta hapa hapa kesho. Rufaa nitaifuta. Riba tusahau, na gharama kila mtu abebe zake."

Mokami akanitazama. Nami nakiri mbele yenu wasomaji, moyo wangu ulishatoka mbio kuzipokea. Niliona bati juu ya nyumba. Niliona mwanangu Mwikwabe na sare ya shule mpya. Milioni kumi na tano za mkononi, mbele ya ishirini na nne za kwenye karatasi, nani angeniita mjinga?

"Na mimi natakiwa nifanye nini?" nikauliza.

"Usaini tu. Kwamba kinga ya mkanda ilikuwepo, na wewe ulijiingiza kwa uzembe wako. Ni maneno ya wanasheria, hayana maana."

Hapo nikamkumbuka Ezra.

Ezra ndiye aliyekuwa akiendesha ile karasha. Alisimama kizimbani Tarime akasema kwamba kinga ya mkanda ilitolewa wiki mbili kabla, ili mawe yapite haraka, na kwamba aliyeamuru itolewe ni Heche. Siku ile ile akafukuzwa kazi. Toka hapo hakuna karasha iliyomwajiri, Nyangoto yote. Alikuwa anachoma mkaa. Nikisaini karatasi ya Heche, Ezra anakuwa mtu aliyeapa uongo.

"Kinga haikuwepo," nikasema.

"Najua," Heche akajibu kwa upole. "Ndiyo maana nakupa milioni kumi na tano."

Ingekuwa amenitukana, labda ningesaini. Upole ule ndio ulionishinda. Nikamwambia aende na pesa zake.

Alipoondoka, Mokami alisubiri mpaka mlio wa gari lake ukapotea.

"Umekataa kwa ajili ya mkono wako au kwa ajili ya Ezra?"

"Sijui, mama."

"Ukishajua uniambie. Ng'ombe niliobaki nao si wengi."

Rufaa ikasikilizwa. Mwanza hakuna aliyeuliza habari za mkono wangu, wala mkanda, wala kinga. Wakili wa Heche alisimama akasema jambo moja tu: mteja wake hajawahi kumiliki karasha yoyote. Mashine ile, leseni yake, kodi yake, vyote viko kwa jina la mkewe, Scholastica. Mdai ameshtaki mtu asiyehusika.

Nilimgeukia Rubeni. Alikuwa anafunua faili haraka haraka, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu aliyepoteza funguo. Ndipo nikajua kwamba hakuwahi kuangalia. Nyangoto nzima tuliiita karasha ya Heche, naye akaandika Heche.

Jaji akaifuta hukumu ya Tarime yote. Fidia ikaenda. Riba ikaenda. Halafu akaongeza maneno mawili matatu ya mwisho, nami safari hii sikuhitaji mkalimani, maana niliyaona usoni kwa Rubeni.

Tulisimama nje, penye jua.

"Sema," nikamwambia.

"Amempa Heche gharama."

"Gharama zipi?"

"Zote. Za Tarime na za huku. Watapeleka bili yao, mahakama itaipunguza, lakini haitashuka chini ya milioni sita. Na usipolipa kwa wakati, riba inaanza kuhesabiwa."

"Asilimia ileile?"

"Ileile."

Ndugu yangu unayesoma, nilihisi mkono ambao sina ukiniuma mpaka kwenye vidole.

"Wakili, miezi yote umenihubiria kwamba gharama humfuata aliyeshindwa."

"Ndivyo ilivyo."

"Hukuniambia kwamba aliyeshindwa anaweza kuwa mimi."

Akatazama viatu vyake. "Bado kuna njia. Tumshtaki mkewe. Ila madai ya kuumizwa yana miaka mitatu tangu siku ya ajali, na miaka hiyo inatimia baada ya miezi mitatu. Na nisikudanganye, Mama Mwikwabe, safari hii sitaanza bila malipo mkononi."

"Nitoe wapi?"

 Alinivuta pembeni.

"Nisikilize vizuri. Dalali wa mahakama atakuja kukamata mali. Mokami amwambie wewe ni kibarua wake, unamsaidia kazi za nyumbani basi. Kibarua hana ng'ombe, hakuna atakayewagusa. Lakini akisema wewe ni wa nyumba yake, wale ng'ombe aliowatenga kwa nyumba yako wanahesabiwa mali yako, na watabebwa."

Neno moja tu. Kibarua.

Nilimfikishia Mokami maneno yale kama yalivyo. Alikuwa anapepeta ulezi. Hakusimamisha ungo.

"Werema amesikia habari hii?"

"Nyangoto yote imesikia."

Werema ni mdogo wa marehemu mume wake. Tangu mgodi mkubwa ulipoanza kupima mashamba ya jirani ili uyalipie fidia, alikuwa haishi kupita kwenye mpaka wetu, anahesabu miti. Akisikia Mokami kwa kinywa chake mwenyewe akisema mimi ni kibarua, basi wanangu ni watoto wa kibarua. Nyumba haina mrithi. Ardhi inarudi kwake.

Ng'ombe upande mmoja, ardhi na watoto upande mwingine. Hayo ndiyo niliyomletea mama yule kutoka Mwanza.

Sikumwomba aseme hivi wala vile. Lakini nitawaambia ukweli ambao yeye sijamwambia hadi leo. Moyoni nilitamani anikane. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu ambaye kila akiguswa, ng'ombe wa Mokami anatoka bomani.

Bili yao ilipopitishwa na siku za kulipa kwisha, dalali alifika na askari wawili na lori. Jina lake Wangwe, kijana mnene mwenye sauti ya chini. Werema alishafika kabla yake, ameegemea uzio, anachokonoa meno.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nimetumwa na mahakama. Ninadai milioni sita na laki mbili kwa Wegesa. Nimeambiwa anakaa hapa."

"Ndiye huyo."

Wangwe akanitazama, akautazama mkono wangu, akaondoa macho haraka.

"Mama, huyu ni nani kwako?"

 Wangwe akasogea, akapunguza sauti, na mimi nilimsikia kwa sababu nilikuwa nyuma tu.

"Mama, fikiri kabla hujajibu. Ukisema ni mtu wa kazi, mimi naandika sikukuta mali, naondoka."

"Mura," Mokami akasema, kama tunavyowaita vijana kwetu, "wewe unaye mama?"

"Ninaye."

"Ukiulizwa ni nani kwako, huwa unafikiri kwanza?"

Kijana akafungua daftari lake.

"Huyu nilimwoa," Mokami akasema, na sasa alipaza sauti, akageukia kwenye uzio. "Nilitoa mahari Morotonga, watu walikula. Watoto wake ni wa nyumba hii. Ng'ombe wa nyumba yake ni wale wa upande wa juu. Andika."

Werema alitema kijiti chake, akaondoka.

Waliwapakia mmoja mmoja. Ndama mdogo alikataa kupanda, askari wakambeba. Wangwe aliaga kwa heshima zote, kama mgeni aliyekuja kula.

Nilibaki katikati ya boma.

"Mama, ungesema lile neno tu."

"Ningelisema," akanijibu. "Halafu kesho ningekuita nani?"

Akaingia ndani, akajilaza mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya akiwa mzima.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nawasha moto kwa mkono mmoja nilipoona mwanamke amesimama penye lango. Alikuwa amejifunga kilemba hadi kwenye nyusi. Nilimtambua alipokifungua.

Alikuwa Scholastica, mke wa Heche.

"Hodi hapa."

Sikusema karibu. Mokami ndiye aliyesema, kutoka mlangoni.

Scholastica alimwamkia, akakaa kwenye kigoda, akaweka mikono yote miwili magotini. Nilijikuta naitazama ile mikono.

"Nimekuja uniambie kama bado una nguvu ya kesi," akaniambia.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja unishtaki."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia.

"Karasha ni yangu. Mume wangu mwenyewe ameapa Mwanza kwamba si yake. Basi nishtaki mimi. Nikiulizwa nitakubali kila kitu. Mkanda ulikuwa wazi, na wewe hukuwa na kosa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ameoa mwingine Sirari. Anamjengea nyumba ya bati la rangi, pesa zinatoka kwenye mawe ya Nyangoto. Mimi watu wa kodi wanakuja kunidai hapa hapa. Siku ya deni mashine ni yangu, siku ya dhahabu ni yake. Sasa mahakama ikiniamuru nikulipe, karasha itauzwa. Wewe utachukua chako, kitakachobaki kitakuwa changu na wanangu. Yeye atabisha nini? Alishasema si yake."

Mokami alitoka mlangoni, akaja kukaa karibu.

"Nimeona mambo mengi," akasema, "lakini mdaiwa anayekuja kuomba ashtakiwe, bado."

"Mama, nina sharti moja," Scholastica akasema. "Fidia nitakubali. Lakini adai fidia peke yake. Riba asidai, gharama asidai. Mashine ile haina thamani ya vyote. Nikitozwa na hivyo, hakitabaki hata cha sabuni, na nitakuwa nimejichimbia kaburi bure."

"Ng'ombe wetu jana wamebebwa kwa sababu ya gharama," nikamwambia. "Gharama za mume wako."

"Najua. Nililiona lori."

Nikampigia Rubeni palepale, nikamweleza. Alisikiliza mpaka niliposema bila gharama.

"Bila gharama? Na mimi nalipwa na nani? Mama Mwikwabe, huo ni mtego. Usisaini kitu." Akakata simu.

"Pale karibu na mahakama kuna bwana anaandika madai," Scholastica akasema. "Hatozi sana. Ada ya kufungua nitalipa mimi. Lakini iwe leo. Leo ni Ijumaa, na Jumatatu miaka yako mitatu itakuwa imepita. Na Heche amelala Sirari, atarudi mchana."

Nilimtazama Mokami. Nilitaka aniambie nikatae. Nilitaka aniambie nikubali pia. Chochote, bora kitoke kwake.

"Usinitazame," akasema. "Mimi langu nilisema jana mbele ya Werema. La leo ni la kwako."

Nilikaa muda, moto ukazimika.

Niliwaza hivi. Kama ametumwa, nitapoteza nini ambacho hakijapotea? Na kama hakutumwa, nikimfukuza, Jumatatu nitakuwa mlemavu mwenye deni la ng'ombe kwa Mokami, basi. Riba sikuwahi kuiona hata sura. Gharama nimeziona zikipanda lori.

"Twende," nikamwambia Scholastica.

Mokami alinifunga kitenge, akakaza fundo. Safari hii alisema neno. "Usitangulie kuamini, wala usitangulie kukataa. Mtazame."

Tulishuka mpaka barabarani kusubiri usafiri wa Tarime. Scholastica alikuwa na haraka, ananitangulia, anageuka kunisubiri. Njiani aliniambia kwamba siku ya ajali alikuwepo, kwamba ndiye aliyemwagia damu yangu mchanga. Aliniambia bado akilala anausikia ule mkanda. Nikaanza kumwamini. Nisiwafiche, nilishaanza kumhurumia.

Bodaboda mbili zikapita zimejaa. Tukaendelea kusubiri.

Halafu likaja gari jeupe kutoka upande wa Sirari. Nililijua kabla halijapunguza mwendo. Lilikuja hadi tulipo, likasimama, na kioo kikashuka.

Alikuwa Heche. Alinisalimia kwanza mimi, kwa upole uleule.

"Mnaenda Tarime?"

 Nilimtazama Scholastica, kama nilivyoagizwa. Uso wake ulikuwa haunionyeshi kitu.

"Pandeni," Heche akasema. "Hata mimi naelekea mahakamani."

Scholastica akazunguka gari. Hakunitazama. Alifungua mlango wa nyuma, akauacha wazi kwa ajili yangu, kisha akapanda mbele kando ya mume wake.

Itaendelea wiki ijayo.